Kusoma Ugonjwa Katika Jani la Muhogo: Kutoka Amani hadi Mikocheni

Muhogo ni zao la kigeni lililokuta maradhi ya wenyeji. Wareno waliuleta kutoka Brazili hadi pwani ya magharibi ya Afrika katika karne ya 16, na kufikia karne ya 18 ulikuwa umefika katika visiwa na mwambao wa Bahari ya Hindi, ambako ulipendwa kwa sababu huvumilia ukame, humea hata katika ardhi iliyochoka na huweza kuachwa shambani hadi siku ya njaa. Batobato, ugonjwa wa muhogo ulioenea kuliko wote barani, haujulikani katika nchi za Amerika ya Kusini zao hilo lilikotoka, na kwa hiyo wataalamu wamekubaliana kwamba virusi vinavyousababisha vilikuwa vikiishi katika mimea ya Kiafrika kabla muhogo haujafika, kisha wadudu wafyonzao utomvu wakavihamishia kwa mgeni huyo. Hapakuwa basi na mkulima wa Bahia wala kitabu cha Lisbon cha kumweleza mkulima wa Muheza au wa Luwero kitu kilichoupata muhogo wake. Ujuzi wa kuyatambua maradhi hayo ulilazimika kuzaliwa Afrika Mashariki yenyewe, na ndivyo ilivyokuwa, ingawa kwa muda mrefu kazi ya kulitamka jina la ugonjwa ilihamia maabara za ng'ambo huku majani yenyewe yakiendelea kuchumwa hapa.

Maelezo ya kwanza kuchapishwa kuhusu batobato yalitolewa mwaka 1894 na Otto Warburg, mtaalamu wa mimea wa Berlin, alipoandika juu ya mazao ya Usambara chini ya utawala wa Kijerumani. Miaka 8 baadaye, mwaka 1902, serikali hiyo ilianzisha taasisi ya utafiti wa viumbe na kilimo huko Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, na mwaka 1906 mmoja wa watafiti wake, Albrecht Zimmermann, akatoa maoni kwamba majani ya muhogo hujikunja na kupata mabaka ya njano kwa sababu ya kirusi. Ujasiri wa kauli hiyo hauwezi kupimwa bila kukumbuka jinsi wazo la kirusi lilivyokuwa changa. Ilikuwa ni mwaka 1892 tu ambapo Dmitri Ivanovsky wa Urusi alionyesha kwamba utomvu wa tumbaku iliyougua ulibaki na nguvu ya kuambukiza hata baada ya kupitishwa katika chujio la kauri linalozuia bakteria, na mwaka 1898 Martinus Beijerinck wa Uholanzi akahitimisha kwamba kinachopita katika chujio si bakteria mdogo bali ni kitu cha aina nyingine kabisa, kinachoongezeka ndani ya chembe hai pekee. Hakuna aliyekuwa amekiona kitu hicho. Zimmermann alikuwa akikisia kwa njia ya kuondoa: alitafuta kuvu, bakteria na wadudu waharibifu, asipate cha kulaumiwa, na katika hali hiyo neno kirusi lilimaanisha chanzo kisichoonekana ambacho huambukiza.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia taasisi ya Amani ilidorora, hadi Waingereza walipoifungua upya mwishoni mwa miaka ya 1920 kama kituo cha utafiti wa kilimo cha Afrika Mashariki, na mtu aliyekipa kituo hicho sifa ya kudumu katika elimu ya virusi vya mimea ni Harold Haydon Storey. Alikuwa ametoka Natal, Afrika Kusini, ambako alithibitisha kwamba ugonjwa wa milia ya mahindi hubebwa na mdudu mdogo mrukaji aitwaye kwa jina la kisayansi Cicadulina mbila. Amani ndiko alikoichukua kazi hiyo hatua ya mbele zaidi. Mwaka 1932 alionyesha kwamba miongoni mwa wadudu wa spishi hiyo hiyo wako wanaoweza kueneza kirusi na wako wasioweza, na kwamba uwezo huo hurithiwa kutoka kwa wazazi. Mwaka 1933 akaonyesha kwamba mdudu asiyeweza hugeuka kuwa mwenezaji iwapo utumbo wake utatobolewa kwa sindano nyembamba, maana yake ni kwamba kizuizi kilikuwa katika ukuta wa utumbo ambao kirusi hakikuweza kuupenya. Inastahili kusisitizwa kwamba matokeo haya, ambayo bado yanafundishwa vyuoni, yalipatikana katika kituo cha milimani kisichokuwa na hadubini ya kuonyesha kirusi hata kimoja.

Njia za Amani za kutambua ugonjwa zilikuwa tatu, nazo zilitegemea subira kuliko vifaa. Ya kwanza ilikuwa jicho lililozoea kutofautisha baka na baka. Ya pili ilikuwa kubebesha, yaani kuunganisha kikonyo cha mmea mgonjwa kwenye shina la mmea mzima na kungoja ili kuona kama dalili zitahama, kwa kuwa ugonjwa unaotokana na upungufu wa rutuba hauhami kwa njia hiyo ilhali wa virusi huhama. Ya tatu ilikuwa mdudu mwenyewe: Storey pamoja na mwenzake R. F. W. Nichols waliwafungia nzi weupe katika vizimba vidogo kwenye majani yenye batobato, kisha wakawahamishia kwenye mimea isiyo na ugonjwa, na katika taarifa waliyoichapisha mwaka 1938 wakathibitisha kwamba nzi hao ndio wabebaji na kwamba huambukiza kupitia majani machanga. Walitambua pia kwamba batobato haikuwa kitu kimoja, kwani mimea mingine ilionyesha dalili hafifu na mingine kali, na tofauti hiyo ilibaki vilevile ugonjwa ulipohamishwa kutoka mmea hadi mmea. Walikuwa wamegusa, bila njia ya kulifungua, fumbo ambalo lingewashughulisha warithi wao kwa nusu karne.

Mwaka 1936 Storey alitoa taarifa ya ugonjwa wa pili, ambao Waswahili wa leo wanauita michirizi ya kahawia au kwa kifupi michirizi kahawia. Huu ulikuwa msiba wa aina nyingine, kwa sababu batobato hujitangaza mchana kweupe kwenye majani, hali michirizi kahawia hujificha: majani hupata unjano hafifu kandokando ya mishipa, nayo mara nyingi ni yale ya chini ambayo mkulima hudhani yanazeeka, shina huweza kuwa na michirizi michache, na mmea kwa jumla huonekana umestawi hadi siku ya kuvuna, ambapo mihogo ikipasuliwa hukutwa na mabaka makavu, magumu, ya rangi ya kahawia, yasiyofaa kupikwa wala kusagwa unga. Nichols, katika maelezo yake ya mwaka 1950, aliueleza ugonjwa huu kuwa umeenea katika ukanda wa pwani kuanzia Kenya hadi mpaka wa Msumbiji, pamoja na maeneo ya mwambao wa Ziwa Nyasa, na kuwa ni nadra katika miinuko. Kutokana na maelezo hayo ilizoeleka kuaminiwa kwamba michirizi kahawia ni maradhi ya nchi za chini, yasiyopita kimo cha takriban mita 1000 juu ya usawa wa bahari. Imani hiyo ilikuwa na msingi katika yale yaliyoonekana wakati huo, lakini ilidumu kupita umri wake, na gharama yake ilikuja kulipwa Uganda.

Kwa kuwa mmea wenye kirusi hauna tiba, Amani ilijielekeza katika uzazi wa mbegu bora. Kuanzia miaka ya 1930 Nichols, na baadaye D. L. Jennings, waliuzalisha muhogo kwa mseto na jamaa zake wa mwituni, hasa mpira wa Ceará, mti ambao Wajerumani waliuleta kwa ajili ya utomvu wa mpira na ambao kitaalamu huitwa Manihot glaziovii, kisha wakaurudisha mseto huo kwa muhogo kizazi baada ya kizazi ili kupata tena mihogo minono. Mbegu kutoka katika kazi hii zilipelekwa Nigeria katika miaka ya 1950, na mmea mmoja uliotokana nazo, uliopewa namba 58308, ukawa mzazi wa aina nyingi zenye kuhimili batobato zilizozalishwa Ibadan na taasisi ya kimataifa ya IITA, ikiwemo TMS 30572 ambayo baadaye ilirejeshwa Afrika Mashariki. Mmea mwingine wa Amani ulibaki katika mashamba ya Kenya kwa jina la Kaleso, na katika mashamba ya Tanzania kulikuwa na aina iliyosifiwa kwa kuhimili michirizi kahawia, iitwayo Namikonga. Vinasaba vya aina hizo mbili vilipolinganishwa katika karne hii ilibainika kwamba Kaleso na Namikonga ni mmea mmoja uliopita katika mikono ya wakulima kwa majina mawili. Makala za Amani zina majina ya Storey, Nichols na Jennings, ambayo yanastahili heshima, lakini hazina jina la hata mmoja wa Waafrika waliotunza vizimba, waliobebesha vikonyo na waliohesabu mimea iliyougua, ingawa bila kazi hiyo ya kila siku hakuna jaribio ambalo lingekamilika.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia utafiti wa kilimo ulihamia Muguga, karibu na Nairobi, chini ya shirika la pamoja la Afrika Mashariki lililojulikana kama EAAFRO, na majengo ya Amani yakawa makao ya utafiti wa malaria. Katika miaka ya 1970 K. R. Bock na wenzake wa Muguga walifanikiwa kusafisha virusi vya milia ya mahindi na kuvitazama kwa hadubini ya elektroni, wakakuta umbo lisilotarajiwa: chembe ndogo mno zilizoshikamana mbili mbili mithili ya pacha, kila jozi ikiwa na urefu wa takriban nanomita 30, nanomita ikiwa ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Chembe za namna hiyo hiyo zilipatikana katika muhogo wenye batobato, na kundi zima la virusi vya namna hii likaitwa jeminivirusi, kutokana na neno la Kilatini la pacha.

Lakini kupata chembe katika mmea mgonjwa hakutoshi kuthibitisha kwamba ndizo zilizouletea ugonjwa, na hapa Bock alikwama kwa namna inayoonyesha uadilifu wake. Kirusi kilichotoka katika muhogo wa Kenya ya magharibi kilikubali kuhamia katika mmea wa majaribio wa jamii ya tumbaku, ila muhogo wa pwani ya Kenya, wenye batobato ya wazi kabisa, haukutoa kirusi chochote katika mmea huo. Zaidi ya hayo, kirusi kilipatikana hata katika baadhi ya mimea isiyo na dalili. Badala ya kulazimisha jibu, kundi lake lilikiita kirusi hicho kirusi fiche cha muhogo, likaacha chanzo cha batobato kuwa swali la wazi. Ni mwaka 1983, baada ya kupatikana mmea mwingine wa majaribio uliokuwa mwepesi zaidi kuambukizwa, ndipo Bock na R. D. Woods walipoweza kukichukua kirusi, kukirudisha katika muhogo mzima na kuuona ukipata batobato. Miaka 77 ilikuwa imepita tangu Zimmermann akisie.

Mwaka huo huo wa 1983 John Stanley na Michael Gay, wa taasisi ya John Innes mjini Norwich, Uingereza, walichapisha katika jarida la Nature mfuatano kamili wa vinasaba vya kirusi hicho kutoka katika muhogo wa Kenya. Vinasaba vya kiumbe, iwe ni mtu, muhogo au kirusi, huandikwa kwa nyuzi za molekuli ziitwazo DNA au RNA, na kila uzi huundwa kwa viungo vidogo viitwavyo nukleotidi, ambavyo ni vya aina nne tu na hupangwa kimoja baada ya kingine kama herufi katika mstari. Kusoma mfuatano ni kuzitambua herufi hizo kwa mpangilio wake kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, kazi iliyowezekana baada ya Frederick Sanger wa Cambridge kubuni njia yake mwaka 1977. Kirusi cha batobato kilidhihirika kuwa na duara mbili za DNA, moja yenye nukleotidi 2779 na ya pili yenye 2724, kila moja ikiwa imefungwa katika ganda lake, na kirusi huhitaji zote mbili ili kuambukiza mmea. Kwa kulinganisha, vinasaba vya muhogo wenyewe vina nukleotidi mamia ya mamilioni. Maandishi mafupi kiasi hicho yangeweza kuchapishwa yote katika kurasa mbili, nayo yalikuwa na kila agizo ambalo kirusi kinahitaji ili kuliteka jani.

Umuhimu wa usomaji huo haukuonekana kwa ukamilifu mpaka watu walipoanza kulinganisha. Katika miaka ya 1980 Bryan Harrison na wenzake wa taasisi ya utafiti wa mazao ya Scotland, karibu na Dundee, walitumia kingamwili, yaani protini za damu ya wanyama zinazoshikamana na sehemu maalumu za ganda la kirusi, kuchora ramani ya batobato, wakaona kwamba virusi vya Afrika Magharibi na Kenya ya magharibi vilikuwa kundi moja, vya pwani ya Afrika Mashariki na Malawi kundi la pili, na vya India kundi la tatu. Mwaka 1993 mifuatano ya nukleotidi iliposomwa, makundi hayo yalitambuliwa kuwa ni spishi tatu tofauti. Fumbo la Bock lilikuwa limefumbuka: muhogo wa pwani na muhogo wa magharibi haukuwa na kirusi kimoja, na kwa hiyo mmea wa majaribio uliokikubali kimoja haukulazimika kukikubali kingine. Jambo ambalo Muguga ililiona kama hitilafu katika majaribio yake lilikuwa ndiyo habari yenyewe.

Wakati ramani hiyo ikichorwa, Uganda ilikuwa katika janga. Mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato ya ukali usio wa kawaida ilizuka kaskazini mwa wilaya ya Luwero, ikasonga kuelekea kusini kwa mwendo wa takriban kilomita 20 hadi 30 kila mwaka, ikiongozwa na wingi wa nzi weupe ambao haukuwa umezoeleka. Mimea ilidumaa, majani yakabaki vishungi vilivyokunjamana, na wakulima wa maeneo mengi ya mashariki na kaskazini waliacha kabisa kupanda muhogo, jambo lililoleta uhaba mkubwa wa chakula. G. W. Otim-Nape na watafiti wenzake wa Uganda waliufuatilia mstari wa mbele wa ugonjwa wilaya kwa wilaya. Vipimo vya kingamwili, hata hivyo, havikuonyesha kitu kipya, kwani ganda la kirusi lilijibu kama lile la spishi ya magharibi iliyofahamika tangu zamani. Kama kingamwili ndizo zingekuwa na neno la mwisho, janga lingehesabiwa kuwa ni ugonjwa wa siku zote uliopata hali nzuri ya hewa.

Mwaka 1997 mifuatano iliyochapishwa na Zhou na wenzake, akiwemo Otim-Nape, ilitoa jibu lililowashangaza wanasayansi wa virusi duniani kote. Karibu DNA yote ya duara la kwanza la kirusi cha Uganda ilikuwa ya spishi ya mashariki, isipokuwa katikati ya jeni linaloongoza utengenezaji wa ganda, ambako kipande cha nukleotidi 459 kilikuwa cha spishi ya magharibi, kwa kufanana kwa takriban asilimia 99. Spishi mbili zilikuwa zimekutana ndani ya mmea mmoja, zikabadilishana vipande, na kirusi kilichozaliwa kikavaa sehemu ya ganda la moja juu ya maagizo ya nyingine. Hiyo ndiyo sababu kingamwili, ambazo huligusa ganda tu, zilidanganyika, na ni vigumu kupata mfano ulio wazi kuliko huu wa tofauti kati ya kulitambua vazi na kuyasoma maagizo yaliyomo ndani. Kwa maafisa wa kilimo taarifa hiyo ilikuwa na uzito wa vitendo, kwani ilimaanisha kwamba kilichokuwa kikisogea kilikuwa kitu kimoja kinachoweza kufuatiliwa kwa alama yake, nacho kilifuatiliwa kikiingia Kenya ya magharibi katikati ya miaka ya 1990, Kagera mwishoni mwa muongo huo, na baadaye Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo.

Jibu la shambani lilikuwa kugawa pingili za aina zinazohimili batobato, nyingine zikiwa za ukoo wa Amani na nyingine, kama TME 204, zikitokana na mihogo ya asili ya Afrika Magharibi. Zilifanya kazi. Lakini Afrika Magharibi haikuwa na michirizi kahawia, na muhogo ambao haujawahi kukutana na ugonjwa hauna sababu ya kuuhimili; kuanzia mwaka 2004 michirizi kahawia ilionekana katika mashamba ya Uganda yaliyo juu ya mita 1000, mahali ambapo kwa mujibu wa imani ya tangu Nichols haikupaswa kuwepo, na TME 204 ikawa miongoni mwa aina zilizoumia vibaya. Titus Alicai na wenzake wa kituo cha Namulonge walitangaza kurejea kwa ugonjwa huo mwaka 2007. Neno kurejea lilikuwa sahihi, kwa sababu miongo kadhaa nyuma uliwahi kuonekana nchini humo katika pingili zilizoletwa kutoka Tanganyika, na mimea hiyo ikaangamizwa.

Kirusi cha michirizi kahawia kilikuwa kimechelewa sana kusomwa. Chembe zake ni nyuzi ndefu, vinasaba vyake ni RNA badala ya DNA, na ni mwaka 2001 tu ambapo kundi la Chuo Kikuu cha Bristol lilisoma jeni la ganda lake na kukiweka katika jenasi ya Ipomovirus. Jenasi hiyo ina historia ya Afrika Mashariki, kwa kuwa mwanachama wake wa kwanza alitengwa kutoka katika viazi vitamu vya ukanda huu na kuelezwa mwaka 1976, Bock akiwa mmoja wa waandishi. Ndugu wengine wa karibu wanaishi katika jamii ya maboga: kimoja hunjanisha mishipa ya majani ya matango na kilielezwa Israeli mwaka 1960, na kingine kilipatikana katika maboga ya Florida, Marekani, kikaelezwa mwaka 2007 kuwa ndicho kinachoyakausha mashamba ya tikiti maji ya jimbo hilo, ijapokuwa kwenye boga lenyewe hakionyeshi zaidi ya unjano wa mishipa. Hakuna mkulima ambaye angeutazama mtambaa wa boga na mti wa muhogo akafikiri kwamba maradhi yao ni ya ukoo mmoja, na hakuna mtafiti wa Amani ambaye angeweza kulijua hilo kwa jicho, kwa kubebesha wala kwa nzi.

Undugu huo ulikuja kuwa na maana kubwa zaidi mwaka 2009, pale Deusdedith Mbanzibwa, mtafiti Mtanzania aliyekuwa akifanya kazi na kundi la Jari Valkonen katika Chuo Kikuu cha Helsinki, alipochapisha na wenzake mfuatano kamili wa kirusi cha michirizi kahawia kutoka ukanda wa Ziwa Viktoria, wenye nukleotidi 9069. Mimea hujikinga na virusi kwa kuikatakata RNA ngeni vipande vipande, na virusi vingi vya familia iliyo na jenasi hiyo hubeba protini maalumu ya kuuzima ulinzi huo. Kirusi cha muhogo hakikuwa nayo, na kazi yake ilifanywa na protini nyingine inayofanana sana na ile ya virusi vya matango na maboga. Ndani ya mfuatano huo kulikuwa pia na jeni lisilotarajiwa katika kirusi, la kimeng'enya ambacho katika viumbe wengine huchuja nukleotidi mbovu zisiingie katika maandishi ya urithi. Kisha ulinganisho wa virusi vya ziwani na vya pwani ulionyesha tofauti kubwa, na mwaka 2010 Stephan Winter na wenzake wa Braunschweig, Ujerumani, walithibitisha kwamba ni spishi mbili. Mwanzoni ilidhaniwa kwamba moja ni ya nyanda za juu na nyingine ya pwani, maelezo ambayo yangeirudisha mipaka ya zamani kwa sura mpya, lakini sampuli zaidi ziliposomwa zote mbili zilikutwa juu na chini.

Hadi hapo karibu kila hatua kubwa ya usomaji ilikuwa imefanyika ng'ambo, kwa majani yaliyosafirishwa yakiwa yamekaushwa. Maabara za Afrika Mashariki zilipata kwanza mbinu ya PCR, ambayo hunakili kipande kilichochaguliwa cha DNA mara nyingi hadi kionekane, ila mbinu hiyo humtaka mtafiti ajue mapema anachokitafuta, kwa sababu hutegemea vianzio, yaani vipande vifupi vya DNA vilivyotengenezwa kushika mahali mahususi katika kirusi kinachofahamika. Kirusi kikibadilika mahali hapo, au kikiwa kigeni kabisa, mmea mgonjwa hutoa jibu la mmea mzima. Mashine mpya za usomaji wa halaiki zilizoanza kutumika kwa mimea mnamo mwaka 2009 ziliondoa sharti hilo: zinasoma kila uzi uliomo katika sampuli, wa mmea na wa kirusi pamoja, kisha kompyuta hutenganisha. Faida yake ilionekana kwa mahindi wakati ugonjwa wa kuangamiza uliozuka Bomet, Kenya, mwaka 2011 ulipotambuliwa kuwa ni kazi ya virusi viwili kwa pamoja, kimoja kikiwa hakijawahi kuripotiwa Afrika Mashariki.

Katika kituo cha Mikocheni, Dar es Salaam, Joseph Ndunguru na wenzake, wakishirikiana na Alicai wa Namulonge na Laura Boykin wa Chuo Kikuu cha Western Australia, walianza kusoma virusi vya muhogo kwa wingi, na mwaka 2015 wakatoa mifuatano 12 mipya kamili ya virusi vya michirizi kahawia. Kundi hilo hilo ndilo lililoichukua mashine ya MinION, kifaa cha kampuni ya Oxford Nanopore kinachoenea kiganjani, ambacho hupitisha uzi wa vinasaba katika tundu dogo sana na kuzitambua nukleotidi kwa mabadiliko ya mkondo wa umeme. Katika kazi waliyoichapisha mwaka 2019 walikwenda katika mashamba matatu, moja Tanzania, moja Uganda na moja Kenya, wakitumia betri mahali pasipo na umeme wa gridi wala maabara, wakasoma virusi vya batobato katika jani, shina, muhogo na nzi mweupe, na tangu kufika shambani hadi kutoa jibu la awali hazikupita saa 3. Mkulima alikuwepo jibu lilipotoka. Kwa kuwa utaratibu ule ulitenga na kusoma DNA, ulivinasa virusi vya batobato pekee. Virusi vya michirizi kahawia, ambavyo vinasaba vyake ni RNA inayoharibika haraka kwenye joto na ambayo kwa kawaida hugeuzwa kwanza kuwa DNA kabla ya kusomwa, vilibaki nje ya uwezo wake.